Kaka Yako Anarudi Nyumbani

Mke wangu mpenzi,

Jino limetulia, na sweta uliyonifumia naivaa hata nikiwa jikoni. Utacheka: mimi mpishi wa meli ya uvuvi sasa nafungua makopo ya samaki ili mabaharia wale. Siku nyingi tunakokota wavu kutwa, unapanda na matope na chupa za plastiki.

Nakuandikia haraka kwa sababu kaka yako, aliyekuwa nahodha wetu, anakuja huko. Ofisi ya kampuni ilimpigia redio aingie kwenye maji ya kina kifupi, samaki wanakotagia. Alibisha, wakamkaripia, akaingia. Wavu ulipofunguliwa, sitaha ilijaa visamaki vya urefu wa kidole na majike wanaomwaga mayai. Nahodha mzima akapiga magoti, akawa anavirudisha baharini kwa mikono. Vilielea tu, vimeshakufa.

“Shemeji,” akaniambia, “hawa ndio tungewavua mwakani.”

Kisha akaenda kwenye redio. “Wavu nimeupandisha na haushuki tena hapa. Kama hamtaki, tafuteni nahodha mwingine.”

Wakamtafuta. Tulipofika bandarini alishuka na mfuko wake mmoja, hakumuaga mtu. Mpe chumba cha uani na usimhoji. Atasema mwenyewe akiwa tayari.

Mimi nimebaki, maana hatuwezi kukaa nyumbani wote wawili. Nahodha mpya ameturudisha palepale, na leo wavu umepanda umejaa. Kaka yako akikuuliza tuko wapi, mwambie sijaandika.

Mumeo, anayekuwaza kila siku