Kivulini mwa Ukuta wa Ngome

Kilcorran, 3 Mei 1993

Shemeji yangu Malachy,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Ayalandi. Natumaini baridi ya Boston imekiachia kifua chako. Mimi ni mzima, ila miguu imeanza kunidai umri.

Mwezi wa Septemba padri atakwenda ngomeni kuwabariki watoto wetu waliokufa bila ubatizo, wale walionyimwa makaburi ya kanisa, wanaume wakawazika ndani ya magofu ya ngome hiyo na mama zao wasiambiwe mahali. Wangu mlimbeba wewe na kaka yako. Mume wangu Tadhg ameiaga dunia pasipo kunieleza. Umebaki wewe. Niambie ni jiwe lipi.

Shemeji yako, Delia

Boston, 29 Mei

Shemeji Delia,

Nimefurahi kusikia u mzima. Kifua changu kingali kinanguruma kama trekta la marehemu kaka.

Hilo uliloniuliza tulimwapia baba yetu, udongo ukiwa bado mikononi, kwamba hatutalitamka. Wazee waliamini kwamba mama asiyejua mahali husahau mapema. Baraka ya padri itawafikia wote. Usijichoshe.

Shemeji yako, Malachy

Kilcorran, 20 Juni

Shemeji Malachy,

Hujambo? Mimi sijambo. Jana nilikwenda ngomeni peke yangu. Kunguru wametwaa mnara, na ng'ombe wamelala palipokuwa ukumbi wa mabwana. Nilipekua upupu, nikainamia jiwe baada ya jiwe, nisijue ninayemwinamia ni wa nani. Philomena, mwenye ng'ombe, akanikuta.

"Delia, ukitaka kula majani, waombe ng'ombe wangu ruhusa kwanza."

"Namtafuta mtoto."

Akaitua fimbo yake, akaniambia, "Basi nisogezee nafasi, mwenzangu. Wangu naye yumo humu."

Miaka thelathini na minane, shemeji, na sijasahau. Baba yenu hayupo, kaka yako hayupo. Kiapo hicho unamtunzia nani?

Delia

Boston, 30 Agosti

Shemeji Delia,

Salamu, na uniwie radhi kwa kukawia. Barua yako imekaa mezani kiangazi chote, nami nikila nimeipa kisogo.

Kila Agosti, nyasi za mifugo zikishakatwa, Tadhg aliwapeleka wewe na watoto ngomeni mkale huko. Kumbuka alikuwa akitandika blanketi wapi.

Ni hapo. Aliapa kutotamka, naye hakutamka. Miguu yake haikuapa.

Ndugu yako, Malachy

Kilcorran, 20 Septemba

Ndugu yangu Malachy,

Salamu, na shukrani nisizoweza kuzimaliza. Padri alikuja, mvua ikatunyeshea sote, na mimi nilikuwa nimesimama mahali pangu.

Nilizoea kumgombeza: "Tadhg, ngome nzima ina jua, nawe watuketisha kivulini mwa ukuta." Naye hunijibu, "Ni goti, mke wangu. Likifika hapa linagoma." Watoto walimcheka, maana goti hilo lilipanda mlima siku nyingine zote. Kisha humega mkate wake na kuweka kipande juu ya jiwe lililo kando yake. Nami nikimwambia aache kuwalisha kunguru.

Jana nilioka mkate wa magadi, nikarudi huko na Philomena. Nilitandika blanketi kivulini. Nilimega mkate, nikaweka kipande juu ya jiwe, ndipo nikala.

Dada yako, Delia