Fainali ya Nora Ndani ya Kisanduku

Jumanne, 4 Novemba 2025

Nora amepiga simu kutoka Kampala. Timu yao imeingia fainali! Jumapili saa kumi jioni, na televisheni itaonyesha moja kwa moja. Binti yangu golini, nchi nzima inamtazama! Nilipiga kelele mpaka madereva wa malori pale forodhani, mpakani mwa Uganda na Kongo, wakageuka.

Mama yake, Driciru, hakupiga kelele. Alisimamisha cherehani, akauliza kama goti limepona. Glavu za kwanza za Nora alizishona Driciru mwenyewe, kwa turubai la lori. Mpaka leo hajamwona akidaka kwenye mechi ya maana.

Jumatano, 5 Novemba

Nimetoa kile kisanduku cha kurekodi nilichonunua Arua mwaka jana. Nataka mechi ibaki nyumbani kwetu, tuitazame hadi uzeeni. Hakitaki! Bila intaneti hakijui saa wala siku, na bila saa hakirekodi. Taa ya rauta, kile kidude kinachokiletea intaneti, inakuwa kijani, nyekundu, kijani tena. Nimezima, nimewasha, nimechomoa waya zote pamoja, nimekipiga kofi. Siraji fundi wa simu amekuja, ametazama, amesema ninunue kipya. Ushauri wa bure huo, na chai yangu amekunywa.

Alhamisi, 6 Novemba

Msiba. Mama mdogo wa Driciru, yule aliyemlea, amefariki kwao Midia, huko Koboko. Mazishi Jumapili.

Driciru alilia, akanawa uso, kisha akasema twende wote wawili. Ni lazima. Mkwe asiyeshika koleo kaburini husemwa mpaka wajukuu wake wazeeke. Na mama yule nilimpenda, alinikaribisha mimi Gaspard, Mkongo asiyejua hata kuwasalimu kwa lugha yao.

Basi Jumapili saa kumi hatutakuwa karibu na televisheni yoyote. Nora anasema televisheni haitairudia mechi. Kisanduku kisiporekodi, mama yake hataona.

Ijumaa, 7 Novemba

Lazima niandike hili. Leo nimemtazama mke wangu akifanya kazi, nikasahau hata kula!

Alikishika kisanduku kama anavyoshika cherehani inayoruka nyuzi. Kwanza sindano, ashone kidogo, atazame. Halafu uzi. Kamwe si viwili kwa pamoja. Mimi nilikuwa tayari nimeshika waya tatu.

"Baba Nora, wacha. Wewe nashika vitu yote mara moja. Ikipona, utajua gani ilikuwa mgonjwa?"

Akabadilisha waya. Bado. Akaacha kisanduku, akajaribu intaneti ya rauta kwa simu yake. Hakuna. "Basi kisanduku iko muzima," alisema. Akaibeba rauta, akazunguka nayo nyumba nzima kama mtu anayembembeleza mtoto. Dirisha la upande wa Arua, ambako waya ya kisanduku haifiki, kijani. Sebuleni, upande wa mpaka, nyekundu. Akaanza kucheka.

"Hii kitu iko navuka mpaka!"

Kweli! Laini ya Uganda iliyo ndani ya rauta inavutwa na mnara wa Kongo, ikifika kule inakataliwa, inarudi, inavutwa tena. Nimeishi Vurra miaka yote hii, kazi yangu ni kuvusha mizigo, na sikuwaza hilo.

"Toa laini yako ya Aru, ya Kongo," akasema, "ile unapigia shemeji zangu."

Akaiweka. Kijani. Tukangoja. Kijani! Nilimpigia makofi peke yangu pale sebuleni. Kisha nikadai angalau saa niweke mimi. Jumapili, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Nilibonyeza remoti kwa madaha.

Jumamosi, 8 Novemba

Midia. Tulichelewa kuondoka. Nilikuwa nafunga mbuzi wa msiba kwenye gari, Driciru akarudi ndani kuchukua kitenge. Alikawia sana.

Sasa yuko kwenye mikeka na wanawake wenzake, sauti imemkauka. Mpira hajautaja hata mara moja. Simu hapa inashika maneno tu, picha hapana.

Jumapili, 9 Novemba

Tumezika. Nimeshika koleo mpaka viganja vimechubuka.

Baadaye mjomba wa Driciru, mzee Severino, aliniuliza saa. Nikatazama simu: saa nane. Akacheka, akanionyesha ya mkononi mwake: saa tisa.

"Simu yako imeenda Sudani. Huku iko vile, mkwe."

Nikacheka na mimi; Sudani Kusini ni ng'ambo tu ya mpaka, mnara wao umeinasa simu yangu. Kisha nikaitazama tena simu. Sudani wako nyuma yetu saa moja. Kongo pia! Na kisanduku changu kinakula intaneti ya Kongo! Saa kumi yake ni saa kumi na moja yetu. Kitaamka kipindi cha kwanza kimeshaisha. Mjinga mimi, na madaha yangu ya remoti!

Niliingia katikati ya mikeka ya wanawake, mbele ya mama wakwe wote, jambo ambalo mkwe hafanyi. Nikachuchumaa, nikamnong'oneza. Driciru alisogeza kitenge usoni.

"Niliona jana, wakati ya kitenge. Ilikuwa naonyesha saa ya kwenu. Nikaambia ianze saa nane, imalize usiku."

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ulikuwa nafurahi." Halafu, chinichini: "Miaka ishirini mimi nakaa na mutu ya Kongo. Saa ya kwenu nitasahau namna gani?"

Nampenda mwanamke huyu. Nilirudi kwa wanaume nikiwa na machozi, wakadhani ni ya marehemu. Mengine kweli yalikuwa ya mama yule.

Jua linazama. Simu imeita. Nora! Nimekimbia nayo kwa mama yake, akaifunika kwa kiganja. Tusipokee. Anataka kuona kwa macho yake, kuanzia mwanzo, bila kujua mwisho, kama walivyoona watu wote. Nikamwambia huenda betri ya sola kule nyumbani imekufa. Huenda mnara umelala. Huenda kisanduku ni kitupu, Mama Nora!

"Tukifika, tutatazama. Moja-moja."

Akarudi mkekani. Simu ikanyamaza. Sasa inaita tena, nimeilaza kifudifudi kwenye nyasi, mkono wangu juu yake. Mtoto atadhani hatujali. Au analia huko. Au wamembeba mabegani! Driciru ananitazama kutoka kule, hapepesi macho, na simu haiachi kuita.