Kaka, Hukuwa Mpishi wa Meli

Mpendwa kaka yangu Salum,

Mungu akurehemu huko uliko. Nakuandikia nikiwa na hasira, na safari hii sina haja ya kuzificha.

Juzi nimepita Forodhani nikakuta bango kubwa kuliko ukuta wa nyumba yetu ya Kiembe Samaki. Limechorwa glavu mbili nyekundu, na chini yake yameandikwa majina ya mabondia wa zamani wa Unguja, waliokwenda kupigana bara, watakaopewa nishani. Ndiyo, nishani! Ndondi siku hizi ni ruhusa. Mchezo uliokatazwa hapa kwetu tangu mimi na wewe hatujazaliwa, leo wakubwa wanapiga nao picha wamekunja ngumi, dole gumba limefichwa ndani ya vidole. Wewe ulinifundisha kuwa anayekunja ngumi hivyo atalivunja dole lake mwenyewe. Nikasoma majina yote mara mbili. Lako halimo.

Nilikuwa uani nafua siku uliporudi kutoka bandarini, bado una vumbi la magunia uliyokuwa ukiyabeba, ukaniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, nnakwenda Dar kupigana. Wanatafuta watu wa uzito wa juu, hawawapati."

"Kupigana na nani?"

"Na yeyote watakayemleta."

Mama tukamwambia umepata kazi ya upishi melini. Uongo ule niliutunga mimi, na nikaupamba kwelikweli, meli ya mizigo, nahodha Mgiriki, mshahara mzuri. Niliogopa maneno ya watu, kwamba mtoto wa Bi Zuhura anapiga watu apate riziki. Majirani wakaamini. Wengine wakaanza kukuagiza uwaletee sufuria.

Mara moja tu nilikuja kukuona. Nilisema nakwenda Dar kununua kanga. Nikakaa ukumbini katika safu ya nyuma na baibui langu, wanaume watupu kila upande. Mtangazaji akakuita, "Salum, kutoka Temeke!" Temeke! Wewe ambaye Temeke ulikuwa ukilala tu kwenye chumba cha kupanga. Lakini mtu wa Unguja angeandikwaje bondia, na kwao bondia hayupo? Raundi ya nne yule mwenzako akakaa chini, refa akahesabu mpaka mwisho. Watu wakasimama. Nawe ulikuwa ukiangaza macho kwenye viti unanitafuta, nami sikusimama, nikihofia asije akawepo mtu wa mtaani kwetu akaniona. Nje ulinishika mkono. "Umeona?" Nikasema nimeona. Ukasema, "Basi yatosha." Mpaka leo neno lile linaniuma.

Baadaye wakaanza kukuita siku mbili kabla ya pambano, mtu wao akiumwa, ukajaze nafasi. Yule promota wako hakuwahi kukuuliza umefanya mazoezi au umekula. Mtu mzito ni adimu, nao walikutumia mpaka ukaisha. Idi moja ulirudi unyusi umepasuka. "Mafuta ya moto, mama," ulimwambia. Mama akakuchua kwa mafuta ya karafuu, akakusomea dua.

Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Ukawa unasahau majina, ulimi mzito, kichwa kinauma tangu asubuhi. Siku ile tulipokupeleka hospitali mimi na Mama, daktari aliuliza vizuri kabisa, "Amewahi kupigwa au kugongwa kichwani?" Majirani watatu walikuwa wamekuja kukukagua, wamesimama pale pale na vikapu vyao vya uji. Ulinitazama. Hukuweza kusema, lakini ulinitazama. Nikajibu, "Hapana, daktari. Huyu ni mpishi wa meli." Akaandika. Sijui kama ukweli ungekuponya. Najua kwamba uliondoka duniani na matibabu ya mtu mwingine, na kwenye hitima yako wakausifu upishi wako.

Basi baada ya kuliona lile bango nilikwenda ofisini kwa waliolibandika. Kijana mmoja mwenye adabu zake akaniamkia, shikamoo, marahaba, akafungua daftari. "Hapa tunaye Salum wa Temeke, mama."

"Ndiye huyo huyo. Mtu wa Kiembe Samaki."

"Basi lete watu wawili wa mtaani watoe ushahidi kwamba alikuwa bondia."

Nilimpandishia sauti, masikini, naye hakuwa na kosa. Watu wawili niwatoe wapi? Mtaa mzima utaapa kuwa ulikuwa mpishi. Niliyeufunga mlango ni mimi, sasa naugonga nataka nifunguliwe.

Nikarudi nyumbani kwa Mama, nikamwambia yote tangu siku ya kufua. Nilitaraji alie. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso.

"Nlijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Mafuta gani ya moto yatampasua mtu kila akisafiri? Na mpishi gani hajui kuunga mchuzi? Kila akiondoka nlikuwa nnamsomea dua asipigwe."

Nikapandwa na ghadhabu, kaka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Hospitali ulikuwepo, umesimama ubavuni mwangu! Mbona hukumwambia daktari?"

Hapo ndipo alipoinua uso. "Nawe mbona hukumwambia?"

Aliweka ungo chini, akaniambia nimletee baibui lake.

Tumekwenda. Kijana amemwandika Mama kuwa shahidi wa kwanza na mimi wa pili. Nishani wakitoa watatoa, wasipotoa basi. Barua hii naipeleka gazetini, waisome wale wa vikapu vya uji na kila aliyeketi kwenye hitima yako: kaka yangu Salum alikuwa bondia wa uzito wa juu, alishinda, na nilimwona kwa macho yangu.

Pumzika, kaka. Tulikukinga na maneno ya watu, tukakuacha na ngumi zao.

Mdogo wako,
niliyekuwa safu ya nyuma