Jiwe Jekundu katika Pete ya Mama

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Neusa Cesar. Umri: miaka 38. Kazi: mkata vito. Makazi: Mikindani, Mtwara. Tarehe ya maelezo: 24 Juni 2025.

Kazi ya kukata vito naifanya nyumbani pamoja na mume wangu, Nassoro Abdallah. Jana nilikuja hapa kituoni kumshtaki shoga yangu Shamimu Mohamedi kwamba amebadilisha jiwe la pete ya marehemu mama yangu. Mpaka sasa yumo mahabusu. Leo nimekuja kueleza kwamba si yeye aliyeiba.

Mnamo tarehe 13 Juni, Shamimu alikuja kuniazima pete hiyo akaivae kwenye harusi ya binti yake. Jiwe lake ni rubi. Mama alivuka nalo mto Ruvuma kutoka Msumbiji likiwa ghafi, nikalikata mwenyewe. Nilisita. Nassoro akasema, "Mpe mwenzio. Harusi ya Shamimu si yetu sote?" Akaichukua pete, akasema anaisugua kidogo ing'ae. Siku ile nilijiona nimeolewa na mtu mwema.

Baada ya harusi Shamimu aliirudisha ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Kwetu kitu ulichoazimisha hukikagui mbele ya anayekirudisha. Ni kumwambia humwamini. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaiweka sandukuni bila kuifungua.

Tarehe 22 Juni asubuhi niliitoa niivae. Wekundu ulikuwa ule ule, lakini moyo ulikataa. Nikaimulika kwa tochi ya zambarau, ile ya kukagulia noti, ikawaka kama kaa la moto. Hilo halikunituliza, maana rubi huwaka hivyo, na spineli, jiwe jingine jekundu linalofanana nayo, nayo huwaka. Nikachukua kimrija chetu chenye vidirisha viwili. Rubi ukiigeuzageuza humo hutoa rangi mbili, dirisha moja wekundu wa zambarau, la pili wekundu wa machungwa. Hili lilitoa rangi moja tu kila nilivyoligeuza. Nikalitoa kwenye makucha ya pete, nikalipima kwenye mizani likiwa kavu, kisha ndani ya maji. Lilikuwa jepesi kuliko rubi ya ukubwa ule. Ilikuwa spineli. Ni jiwe zuri, lakini si la mama.

Nassoro alilitazama akasema, "Nani mwingine aliyeishika? Ni huyo huyo shoga yako." Kesho yake nilimfuata Shamimu kwake Ufukoni, nikamwita mwizi mbele ya wakwe waliokuja kumtembelea. Aliniambia, "Neusa, umenivua nguo." Sikumsikiliza. Nikaja kituoni.

Leo asubuhi nililitazama tena jiwe kwa kioo cha kukuzia. Ncha yake ya chini imesagwa bapa kidogo. Mimi ncha huiacha kali. Nassoro ndiye huisaga hivyo, anasema ncha kali hukatika, nami humtania kwamba anakata mawe kwa woga. Tena jiwe lilikaa kwenye makucha bila kulegea hata kidogo, na vipimo vya pete ile anavyo yeye. Shamimu alivaa spineli harusini na wala hakujua.

Nilimuuliza Nassoro. Hakukana. Alisema, "Si umeshawaambia ni Shamimu? Basi yaishe hivyo hivyo."

Nimekula na mtu huyu sahani moja miaka kumi na tano. Wizi wa jiwe labda ningeumeza. Lakini aliniacha nije nimfungishe rafiki yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, yeye akabaki nyumbani anakunywa chai. Hilo limenichoma, na sitamrudia.

Ninayoyajua yameishia hapo. Nimesomewa, ni maneno yangu, natia sahihi.

(Sahihi) Neusa Cesar

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Fadhili, na kumsomea shahidi kabla ya kutia sahihi. Askari wametumwa Mikindani kumkamata Nassoro Abdallah. Shamimu Mohamedi ameachiwa. Shahidi aliomba amsubiri mlangoni amwombe radhi. Nilimfikishia Shamimu ujumbe huo. Aliomba atolewe kwa mlango wa nyuma, nami nikamtoa.