Mguu Uliolala Kwenye Klachi

Olasiti, Arusha
Mwezi wa tano, mvua zikielekea ukingoni

Dada yangu mpendwa Sia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, wewe na shemeji na wajukuu, na kwamba presha yako imetulia kama ulivyonieleza wakati wa Pasaka. Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Mahindi yamefika kiunoni, ng'ombe amezaa, na mimi mdogo wako nina furaha ambayo nikiendelea kuibeba peke yangu nitapasuka. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Dada, kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika kwenye utamu, kwa hiyo safari hii utanisoma mpaka mwisho.

Kwanza kabisa, posa ya Derick imekubaliwa. Jumamosi tulipanda Nkoaranga, kule juu ya Usa River, kupeleka mahari kwa wazazi wa Eunike, na binti tumepewa. Lakini namna tulivyofika huko ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Unaikumbuka pikapu yetu ya dizeli, ile iliyokuwa ikikupeleka stendi na mikungu yako ya ndizi. Baba Derick aliinunua kabla hata Derick hajazaliwa, na giaboksi yake haijawahi kumlaza njiani. Sasa, miezi michache baada ya yeye kufanyiwa upasuaji wa goti la kushoto, gia ya pili ilianza kukwaruza na klachi ikawa inanuka. Akaipeleka Ngarenaro kwa fundi Abdulrahman. Fundi akaishusha giaboksi, akaifungua, akasema meno ya gia ni mazima na yatatuzika sote. Kilichoungua ni pleti ya klachi, kwa sababu kwenye gari hilo kuna mguu unaolala kwenye klachi. Akaweka pleti mpya.

Baba Derick akairudisha pikapu nyumbani. Aliposikia mguu aliwaza mguu wake wa kushoto, na tangu siku ile hakugusa tena usukani. Alisema amekuwa dereva wa kuharibu gari ambalo halijawahi kumkosea, heri liuzwe likiwa na afya yake. Mnunuzi akapatikana, ikapangwa aje Jumatatu baada ya posa. Derick naye akachochea, akisema siku hizi watu ni oto tu, unakanyaga mafuta na gari linajipangia lenyewe. Mimi nilikuwa namwona mume wangu anavyokaa kibarazani asubuhi akiitazama ile pikapu, na roho iliniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Basi Jumamosi Derick alitangulia na gari lake jipya la oto, amewapakia wazee na suti zao. Nyuma tukafuata na pikapu tukiwa na mbuzi, blanketi la bibi yake Eunike na pipa la mbege, ambalo shemeji Aminiel, ndugu wa Baba Derick, alikuwa amelifunika kwa kulikaza mfuniko, kana kwamba hakuzaliwa Uchagani na hajui pombe ya ndizi ikichacha hutafuta pa kutokea. Aliyeendesha ni Elirehema, mtoto wa shemeji huyo. Mimi na Baba Derick tulikaa pembeni yake.

Kwenye mlima wa mwisho, tope lilikuwa la kuteleza kama bamia. Gari la Derick likazungusha magurudumu, likatoa harufu, likawasha taa nyekundu, likajiegemeza mtaroni na kugoma. Elirehema akasimama ghafla nyuma yake, injini ikazimika, na alipowasha betri haikuitika. Akavuta hendibreki, akashuka, akasema hawezi kulishtua lile gari liwake kwa kulirudisha kinyumenyume mlimani, hata kama posa ingekuwa ya kwake. Na saa ya kupokelewa ilikuwa inapita. Unawajua wakwe: posa ikichelewa inasimamishwa getini na kupigwa faini kabla ya kupewa hata kigoda.

Nikakaza kitenge changu, nikahamia kwenye usukani. Baba Derick aliniuliza nakwenda wapi. Nikamjibu nakwenda Nkoaranga.

Nikafungua swichi, nikaweka rivasi, nikakanyaga klachi, nikaachia hendibreki. Likaanza kurudi lenyewe, na lilipopata mwendo nikaachia klachi. Likatikisika, likakohoa moshi mweusi, likanguruma. Dada, nilipiga kigelegele mwenyewe. Wazee wote wakapanda nyuma na suti zao, pamoja na mbuzi. Nikaingiza gia ya kwanza na magurudumu yote manne, tukapanda taratibu bila kuteleza. Katikati ya mlima mfuniko wa pipa ukaruka, na povu la mbege likamwogesha shemeji Aminiel kuanzia kichwani. Tulifika getini tukiimba, na wakwe walicheka mpaka wakasahau faini.

Lakini kabla ya geti, pale mlima ulipolegea, niliingiza gia ya pili. Ikakwaruza. Baba Derick akageuza shingo polepole, akautazama mguu wangu.

Sasa, dada, nikutobolee, maana mficha uchi hazai. Tulipokuwa tukirudi wawili tu, niliegesha pale Usa River nikamwambia yote. Kwamba tangu alipolazwa kwa ajili ya goti nimekuwa nikijifunza kuendesha pikapu hiyo hiyo kwa Najat, jirani yetu anayeendesha lori la mboga, kila Baba Derick alipokuwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Nilitaka siku moja nimshangaze kwa kumpeleka kliniki mwenyewe. Kwamba mguu uliolala kwenye klachi ni wangu, na fundi aliposema vile nilijua, nikanyamaza kwa aibu huku yeye akijizika akiwa hai. Nililia, dada. Nilitegemea hasira.

Aliniuliza jambo moja tu: kwa hiyo si mguu wangu? Nikamwambia siyo. Akaniuliza tena, nikamjibu tena. Kisha akaniambia nisogee.

Aliendesha mwenyewe kutoka Usa River, tukakatiza mjini, mpaka Olasiti. Kila gia iliingia kimya, na ya pili ndiyo kimya zaidi. Nusu ya njia alikuwa anaimba tenzi.

Jumatatu mnunuzi alikuja. Baba Derick alimnywesha chai, akamweleza kwa upole kwamba gari halikuwahi kuumwa, na mwenye gari amepona.

Nisalimie shemeji, wabusu wajukuu, na kanga zako nimeziweka zinakusubiri. Derick anakusalimu kwa unyenyekevu, naye ameomba afundishwe manyuo, gari la kuingiza gia kwa mkono. Harusi ni Agosti, Mungu akipenda, na tutakuja kukupokea stendi kwa pikapu. Baba Derick bado ananifundisha kuinua mguu, kwa hiyo ukisikia gia ya pili inakwaruza kabla hujatuona, ujue aliye kwenye usukani ni mimi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Anande, Mama Derick