Kompyuta Imekuwa Bubu

Tarehe 3 Machi

Kifungua mimba wangu,

Hujambo, mwanangu? Wajukuu zangu wazima? Sisi huku hatujambo, na goti la mama yako limepoa kidogo.

Usishangae mwandiko. Ni wa karani wa shule, ameketi hapa ananiandikia. Jumatatu kompyuta yangu iliniambia inajisasisha, ikajizima. Ilipowaka, ile programu inayonisomea haikusema kitu. Naweka karatasi kwenye skana, kimya. Nabonyeza herufi, kimya. Insha tisini na mbili za kidato cha tatu zimo humo ndani, nami niko nje kama mgeni asiyefunguliwa mlango.

Sikiliza linalonichoma. Miaka kumi na tisa nimefundisha historia hapa na hakuna aliyekumbuka kwamba sioni. Mashine imenyamaza Jumatatu, Jumanne nimekuwa kipofu! Mkuu wa shule kanishika bega: "Mwalimu, pumzika kwanza." Nipumzike nimechoka nini?

Fundi ni wewe. Nifanyeje?

Baba yako

Tarehe 9 Machi

Shikamoo Baba,

Barua nimeisoma nimesimama, bisibisi mkononi. Sisi wazima, na mdogo ameota jino.

Nimewapigia simu waliotengeneza programu yako. Nimesikilizishwa muziki mpaka sikio likapata moto, kisha dada mmoja akaniambia, "Toleo hilo ni la zamani, hatulishughulikii tena. Ahamie jipya."

Nikamwambia, "Hilo jipya halisomi Kiswahili."

Akakata simu.

Basi nitaitengeneza mwenyewe. Nimepata kompyuta kama yako, nitaisasisha makusudi nione programu inafia wapi. Karani aninakilie neno kwa neno maandishi yanayotokea ukiifungua. Na tafadhali, asije mtu akaifuta mashine yako.

Mwanao

Tarehe 17 Machi

Marahaba mwanangu,

Hongera kwa jino. Mama yako anakusalimu, na karani pia, ndiye anayeandika tena. Maandishi ni haya: "Faili la sauti halikupatikana." Basi.

Kidato cha tatu wamepewa mwalimu mwingine. Mimi nimepewa kiti maktaba, nakaa kama mzigo uliosahauliwa stendi. Wanafunzi wananiuliza dirishani, "Mwalimu, unarudi lini?" Niwajibu nini?

Leo mkuu kaleta barua ya kuomba ofisi ya elimu initengenezee kompyuta. Karani kanisomea yote, nikatia sahihi, nakala ninayo. Sauti ilimkauka katikati, nadhani ana mafua. Nimemwambia anywe maji ya moto.

Baba yako

Tarehe 22 Machi

Shikamoo Baba,

Barua hii akusomee Mama, si mtu mwingine.

Nimeikamata! Sasisho lilifuta faili la sauti, likaweka jingine lenye jina jipya. Programu inatafuta la zamani, hailioni, inajifunga. Haina ugonjwa wowote! Ni kama urudi nyumbani ukute mwenye nyumba kabadilisha kitasa bila kukuambia. Nimelirudisha lile faili hapa kwangu, programu ikasema. Nilifurahi, kisha nikapandwa na hasira: kosa hili wao wangelimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Kila kitu kimo kwenye flashi niliyoiweka humu. Mama aje shuleni aichomeke, afungue faili lililomo, ni moja tu.

Halafu Baba, hiyo barua uliyotia sahihi inasema nini hasa? Mimi simwamini mkuu wako hata kidogo.

Mwanao

Tarehe 2 Aprili

Marahaba fundi wangu,

Naandika mwenyewe, vidole vyangu na makosa yangu.

Mama yako alipita mbele ya ofisi ya mkuu bila hata kugeuza shingo, flashi mkobani. Programu iliposema, "Tayari," nilimsikia mama yako, mtu asiyelia, akipenga kamasi.

Ile nakala sikutaka mama yako anisomee, nilitaka kuisoma mwenyewe; kitu cha kwanza niliiweka kwenye skana. Unajua ilinisomea nini? "Naomba kustaafu kwa hiari kutokana na ulemavu wangu." Kwa hiari! Nikairudia mara tatu. Kisha nikafungua mlango wa chumba cha walimu, nikapandisha sauti ya kompyuta mpaka mwisho, ikaisoma tena barua yote.

Mkuu akaja mbio. "Mwalimu, tuzungumze taratibu."

"Taratibu ulinifanya nitie sahihi," nikamwambia. "Leo tutazungumza wote wakisikia."

Karani alikuwa ameingia nyuma yake. Ndipo karani akasema, "Mimi ndiye niliyemsomea uongo. Mkuu aliniagiza." Akatufuata mimi na mama yako hadi ofisi ya elimu, akayarudia yale yale. Barua imefutwa, mkuu ametakiwa ajieleze, na tangu jana niko darasani.

Karani ameniomba radhi. Nimemjibu kwamba nitamsamehe, lakini si wiki hii.

Sasa, ukija likizo usinitengenezee kitu. Nifundishe. Nataka kujua faili hilo linakaa wapi na linarudishwaje kwa mikono yangu. Sasisho jingine litakuja, mwanangu. Linikute nalisubiri.

Baba yako, mwalimu wa historia