Mlingoti Uliousimamisha Peke Yako

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile ulipobeba redio yako na mabomba ya antena ukaenda ufukweni peke yako, usirudi.

Siku za kazi ulikuwa fundi wa mafriji, na hakuna jirani ambaye maziwa yake yalichacha ukiwa mzima. Jumamosi ulikuwa mtu wa redio ya kuongea na walio mbali, "Fundi Mawimbi". Uliupenda ufukwe kwa sababu, ulisema, maji ya chumvi hupeleka sauti mbali. Vigingi havishiki mchangani, kwa hiyo ulijaza mchanga kwenye mifuko ya unga, ukaifukia, ukaifungia kamba tatu. Wakati unafunga, Mama ndiye aliyeshika mlingoti wa mabomba usianguke. Wapita njia wakimuuliza, "Mama, huko juu mnavua samaki gani?" alijibu, "Muulizeni mwenye ndoano." Ulicheka mpaka fundo likakuponyoka.

Jumamosi ile mlikwaruzana. Mama alitaka umsindikize kwa dada yake mgonjwa, wewe ukasema antena kwanza. Akakwambia, "Basi leo tafuta mwingine wa kukushikia. Mimi si nguzo." Ukabeba mizigo yako ukaondoka. Hasira hasara, Baba. Tumeijua.

Watu walikukuta umekaa chini ya mlingoti, hedifoni masikioni. Muuza aiskrimu alikupita mara mbili akidhani unasikiliza. Mlingoti ulikuwa wima, kamba zote tatu zimekazwa. Daktari alisema moyo wako ulikuwa umechoka siku nyingi. Mama hakubali. "Moyo uliochoka ndio ukanyanyua mabomba yale peke yake?" Amelisema hilo mwaka mzima, akipika, akifua, hata katikati ya mazungumzo mengine kabisa. Amekonda. Tunamhofia.

Mwezi uliopita ilikuja barua ya rafiki yako wa ng'ambo, yule uliyeongea naye redioni kila Jumamosi na hamkuwahi kuonana. Anasema siku ile ulimwambia: "Leo nimesimamisha mwenyewe. Mke wangu nimempa likizo, amenishikia miaka kumi na tisa." Tulidhani itamfariji. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Bora angenisema vibaya," akasema.

Unakumbukwa na binti yako mkubwa anayeandika haya, wadogo zangu wawili, wajukuu zako, shangazi, na mafundi wenzako wa karakana ambao bado hawajampa mtu kiti chako. Kukusahau hatutaweza, Baba, si leo wala siku yoyote.

Mama ametaka awe wa mwisho kusema. Maneno haya ni yake, na sisi wanawe hatukuwahi kuyasikia mpaka alipotuambia tuyaandike:

"Baba watoto, ulipoondoka nilivaa viatu nikufuate. Nilifika mlangoni, nikasema moyoni, acha leo aone umuhimu wangu. Nikavivua."